UZI: Wote wana redio masikioni, inakuwaje ndege mbili zikutane kwenye barabara moja ya kurukia?

#1 Kiberenge wa Angani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikitokea ajali ya ndege humu ndani tunabishana injini, tunabishana umri wa ndege, tunabishana hali ya hewa. Kuna aina moja ya ajali huwa hatuigusi kabisa. Ndege mbili nzima, hakuna kilichoharibika, marubani wazoefu, wote wanaongea na mnara mmoja, halafu wanakutana kwenye barabara moja ya kurukia. Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga ni ya namna hii, na ilitokea chini, si angani. Nitaifikia.

Mimi si rubani wala mwongoza ndege. Kwa miaka kadhaa niliendesha gari la kukagua barabara ya kurukia kwenye uwanja mmoja wa huku kwetu, jina naliacha. Kazi yenyewe ni kuokota vipande vya matairi, misumari, kunguru waliogongwa, na kuandika taa zilizoungua. Kutwa nzima unashinda unasikiliza mnara. Nilichoondoka nacho pale ni kwamba mfumo mzima mnaouona, na mabilioni yake yote, unaning'inia kwenye redio ambayo anaweza kusema mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Wawili wakibonyeza kitufe pamoja, maneno yanakufa hewani. Na mara nyingine hata maneno yakifika salama, anayesikia anasikia lile alilokuwa analitarajia.

Naanza na Tokyo kwa sababu ni ya juzi na wachunguzi wa Japani wameshatoa ripoti ya muda.

Uwanja wa Haneda, tarehe 2 Januari 2024, saa kumi na mbili kasoro jioni, giza limeshaingia. Jana yake tetemeko kubwa lilikuwa limepiga rasi ya Noto. Ndege ya Walinzi wa Pwani wa Japani, Dash 8 yenye watu 6, inataka kupeleka misaada Niigata. Wakati huo huo Airbus A350 ya Japan Airlines, safari namba 516 kutoka Sapporo, inakuja kutua ikiwa na watu 379.

Mnara unaiambia Dash 8 kwamba iko namba wani, isogee mpaka kituo cha kusubiria C5. Rubani anarudia: nasogea mpaka C5, namba wani, asante. Karudia sawasawa, neno kwa neno. Halafu anafika C5, anaupita mstari, anaingia barabarani na kusimama katikati kama mtu aliyeruhusiwa. Akakaa pale takriban sekunde 40. A350 ikamtua mgongoni.

Kati ya wale 6 alipona mmoja, rubani mwenyewe. Wale 379 wakatoka wote hai. Kipaza sauti cha ndani kilikuwa kimekufa, wahudumu wakatumia megafoni na koo zao, milango iliyotumika ni 3 kati ya 8, na rubani mkuu alikuwa wa mwisho kushuka, dakika kama 18 baada ya ndege kusimama. Ndege iliungua yote ikabaki mabawa.

Swali langu kwenu: huyo rubani alisikia vizuri, akarudia vizuri, akafanya kingine. Hapo kosa tunaliweka wapi?

#2 Abiria 12C

Nimeshakaa. Lete vitu mkuu.

#3 Ngosha Mbishi

Mleta uzi unazunguka sana. Aliambiwa asimame C5, akasema C5, akapita C5. Uzembe wa rubani, mods fungeni uzi tukalale.

#4 Kiberenge wa Angani

Ngosha, nilijua utakuja.

Ukisema ni uzembe, unakuwa umemtaja mtu, lakini hujaeleza kwa nini vizuizi vingine vitatu vilivyokuwa na nafasi ya kumkamata havikumkamata. Angalia hesabu yake.

Kwanza, mwongoza ndege alikuwa na skrini inayoonyesha barabara ikiwa imekaliwa wakati ndege nyingine inakuja. Ile skrini iliwaka na kubadilisha rangi kama inavyotakiwa. Haikuwa na sauti, na yeye alikuwa anashughulikia ndege nyingine, hakuiangalia.

Pili, marubani wa A350 walikuwa wanaangalia mbele. Dash 8 ukiitazama kutoka nyuma usiku ina taa ndogo nyeupe, na barabara nzima ni bahari ya taa nyeupe. Hawakuiona mpaka muda ukawa umeisha.

Tatu, kuna taa nyekundu zinazolazwa kwenye lami kuvuka njia, pale pale kwenye mstari wa kusubiria. Zikiwaka hupiti, hata kama umesikia malaika anakuita. Siku ile pale C5 zilikuwa hazifanyi kazi kwa sababu ya matengenezo. Na hata zingekuwa nzima, utaratibu ulikuwa kuziwasha pale mwonekano unapokuwa hafifu. Usiku ule hewa ilikuwa safi.

Sasa weka kichwa chako kwenye kiti cha yule rubani. Una misaada ya watu walio chini ya vifusi, umechelewa, na sauti ya mnara inaanza kwa kukwambia uko namba wani. Kwa mwongoza ndege maana yake ni foleni tu: wewe ndiye wa kwanza kati ya wanaosubiri kuruka. Kwa mtu mwenye haraka ni rahisi ikasikika kama ruhusa. Siku chache baadaye serikali ya Japani ilisitisha kwa muda kuwatajia marubani nafasi yao kwenye foleni, na ikaweka mtu wa kuikodolea macho ile skrini bila kazi nyingine. Usingefanya hivyo kama ungeamini tatizo ni rubani mmoja mzembe.

#5 Bint Makunduchi

Asante kaka kwa uzi. Mimi ni mgeni wa mambo haya, hiyo kurudia maneno ni sheria au ustaarabu tu?

#6 Kiberenge wa Angani

Ni sheria, dada. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka maelekezo fulani yarudiwe na anayepewa: kuingia barabara ya kurukia, kutua, kuruka, kuvuka, kusimama kabla ya mstari, na namba ya barabara yenyewe. Ukijibu "nimekupata" tu haitoshi, mnara utakurudisha mpaka useme.

Ila watu husahau nusu ya pili. Mnara nao unatakiwa usikilize ule urudiaji na ukamate ukikosewa. Hapo ndipo penye tundu. Mwongoza ndege akiwa na ndege kumi, mara anapomaliza kusema akili imeshahamia kwa ya kumi na moja. Anasikia mtiririko wa sauti unaofanana na alichosema, anapita. Mimi mwenyewe nimewahi kusikia gari likirudia jina la njia siyo na mnara ukajibu sawa, kisha sekunde mbili baadaye ukashtuka na kusahihisha. Nadhani kila aliyefanya kazi upande ule ana hadithi ya hivyo.

Na namba za barabara zenyewe, kwa wasiojua: ni uelekeo wa dira ukiondoa tarakimu ya mwisho. Ile kubwa ya Julius Nyerere pale Dar ni 05 ukiitazama kutokea upande mmoja na 23 kutokea mwingine, yaani digrii kama 50 na 230. JKIA Nairobi ni 06 na 24. Lami ni moja, majina mawili. Kwa hiyo hata "uko barabara gani" si swali jepesi kama linavyosikika.

#7 Mtu wa Embakasi

Jirani wa Kenya hapa. Hebu endelea na ile kubwa uliyoahidi, hiyo ya visiwani.

#8 Kiberenge wa Angani

Twende Tenerife basi. Hii nitaieleza taratibu kwa sababu kila sentensi yake ina uzito.

Tarehe 27 Machi 1977. Bomu linalipuka kwenye uwanja wa Las Palmas, visiwa vya Canary, ndege zote zinageuzwa kwenda uwanja mdogo wa Los Rodeos, kisiwa jirani cha Tenerife. Uwanja uko juu mlimani, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na mawingu yana tabia ya kuteremka na kutembea juu ya lami. Una barabara moja ya kurukia. Madege makubwa yamejaa mpaka njia ya pembeni, ile ya ndege kutembelea chini, imezibwa, kwa hiyo anayetaka kuruka inabidi atembee juu ya barabara yenyewe ya kurukia mpaka mwisho, ageuze, ndipo aruke.

Boeing 747 ya KLM inatangulia, inafika mwisho, inageuza. Nyuma yake 747 ya Pan Am inaifuata juu ya barabara ile ile, imeambiwa itoke kwenye njia ya tatu kushoto. Njia ya tatu ilikuwa na kona kali ya kurudi nyuma, ngumu kwa dege la ukubwa ule, na katika ukungu wakaipita, wakawa wanaelekea ya nne. Mnara hauwaoni. Rada ya ardhini hakuna. KLM haiwaoni. Wote wanategemea masikio.

Rubani wa KLM ana haraka. Sheria za Uholanzi za saa za kazi za marubani zilikuwa kali, akichelewa zaidi safari inalala pale na abiria wote. Mnara unampa maelekezo ya njia atakayofuata angani baada ya kuruka. Hayo si ruhusa ya kuruka. Lakini ndani ya maelekezo yale neno la kuruka limo: baada ya kuruka, pinda kulia. Rubani msaidizi anayarudia, na mwishoni anaongeza kwa Kiingereza kisichonyooka kwamba sasa wako kwenye kuruka. Dege limeshaanza kukimbia.

Mnara unaelewa: wako kwenye nafasi ya kuruka, wanasubiri. Unajibu "Okei", unanyamaza kidogo, kisha unasema subiri, nitakuita. Wakati huo huo Pan Am wameshtuka kusikia KLM wakisema wanaruka, wakabonyeza kitufe na kusema bado tuko barabarani.

Sentensi mbili ambazo yoyote kati yake ingeokoa watu wote. Zilipandana. Ndani ya KLM ilisikika "Okei", kisha mluzi mkali wa sekunde tatu, nne hivi.

Baada ya hapo bado kulikuwa na nafasi moja. Mnara uliwaambia Pan Am watoe taarifa wakishatoka barabarani, wakajibu watatoa. Hii ilisikika vizuri ndani ya KLM. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma ya marubani, akauliza: kwani huyo Pan American hajatoka? Rubani mkuu, ambaye alikuwa mkufunzi mashuhuri wa kampuni nzima, akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Hakuna aliyeuliza tena.

Walikufa watu 583. Wa KLM wote. Walionusurika ni 61, wote wa Pan Am.

Tangu hapo neno la kuruka halitamkwi redioni ila kwa mambo mawili: kuruhusu kuruka, au kufuta ruhusa hiyo. Kwingine kote wanasema kuondoka. Na mafunzo ya kumfundisha mdogo kumkatalia mkubwa ndani ya chumba cha rubani yalipata nguvu hapo. Kwa malezi yetu sisi, ya kutomjibu mkubwa, nadhani hilo la pili ndilo gumu zaidi.

#9 Bint Makunduchi

Subhanallah. Yaani sekunde nne.

#10 Ngosha Mbishi

Sawa, 1977 nakubali, redio za kizamani. Leo tuna WhatsApp, tuna 5G. Kwa nini wasitumiane maandishi? Maandishi hayapandani.

#11 Kozi Kaskazi

Naingilia. Mimi narusha ndege za abiria, kituo changu ni huku Ghuba. Mleta uzi yuko sawa kwa sehemu kubwa, nitamsahihisha padogo baadaye.

Ngosha, maandishi yapo. Ruhusa ya safari kabla ya kuwasha injini naipata kwenye skrini katika viwanja vingi vikubwa, na juu ya bahari tunawasiliana na waongoza ndege kwa ujumbe. Lakini karibu na barabara ya kurukia hutaki maandishi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni muda. Ujumbe unatumwa, unafika, unasomwa, unajibiwa. Ndege inayokuja kutua inakula mita 70 hivi kila sekunde. Na wakati nasoma, macho yangu yako ndani badala ya nje.

Ya pili watu hawaijui. Redio wote tunaisikia. Nikiwa nakuja kutua namsikia mwenzangu anaruhusiwa kuingia barabara ninayoikusudia, na nina akili ya kuuliza. Julai 2017 pale San Francisco ndege ya Air Canada ilijipanga usiku kutua kwenye njia ya pembeni ikidhani ni barabara ya kurukia. Pale pembeni palikuwa na ndege nne zimejaa abiria na mafuta, zimepanga foleni. Rubani wa ndege ya mbele akasema redioni, huyu anakwenda wapi, yuko juu ya njia ya pembeni. Air Canada walishaanza kuvuta juu karibu wakati huo huo, wakafika chini hadi kama futi 60 kutoka ardhini. Mkia wa dege kubwa unafika futi 55 na zaidi.

Februari 2023, Austin, Texas, ukungu mzito. Boeing 767 ya FedEx imeruhusiwa kutua, na 737 ya Southwest imeruhusiwa kuruka mbele yake kwenye barabara ile ile. Mnara hauoni kitu, na uwanja haukuwa na rada ya ardhini. Wa FedEx walikuwa wamemsikia Southwest akiruhusiwa, walikuwa na wasiwasi tangu mapema, wakaona taa zake kwenye ukungu, wakapaa tena na kumwambia Southwest wao wenyewe aache kuruka. Walipishana kwa chini ya futi 200. Kwa ujumbe wa maandishi kati ya mnara na kila ndege peke yake, FedEx wangetua juu yao.

Kwa hiyo redio mbovu hiyo hiyo inaua na kuokoa.

#12 Abiria 12C

Swali la kijinga: kwa nini wasitumie redio ambazo watu wawili wanaweza kuongea pamoja, kama simu?

#13 Kozi Kaskazi

Si la kijinga. Redio zetu ni za AM, masafa ya megahezi 118 mpaka 137, juu kidogo tu ya FM unayosikilizia muziki. AM ni ya kizee, ila ina tabia moja njema: wawili wakiongea pamoja inapiga mluzi au mkoromo. Unajua kuna kitu kimepotea, unaomba kirudiwe. Kwenye FM mwenye nguvu anamfunika dhaifu, na wewe hujui kamwe kama kulikuwa na mtu wa pili. Ule mluzi wa Tenerife ulikuwa ni onyo. Halikuchukuliwa.

#14 Kiberenge wa Angani

Ahsante Kapteni, hilo la mluzi nilikuwa silijui.

Na kwa Ngosha anayesema mambo ya 1977: Januari 29, 2025, Washington. Helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk na ndege ya abiria CRJ700 ziligongana juu ya mto Potomac, watu 67 wakafa. Mnara uliiambia helikopta ipite nyuma ya ile ndege. Wachunguzi walipofungua vinasa sauti walikuta wa helikopta walikuwa wamebonyeza kitufe chao kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, 0.8, na maneno ya "pita nyuma" huenda hayakuwafikia. Kabla ya hapo kuna neno lililoeleza kwamba ndege inazunguka kwenda barabara nyingine, nalo halisikiki kwenye kinasa cha helikopta. Usiku ule mtu mmoja mnarani alikuwa ameshika kazi ya helikopta na ya ndege pamoja. Kulikuwa na matatizo mengine mengi kwenye ajali ile, ya njia za helikopta na ya vipimo vya kimo. Ila kitufe ni kile kile, miaka 48 baadaye.

#15 Mtu wa Embakasi

Sasa nyinyi mnataja Tokyo na Washington, mimi nawaletea uwanja wa Wilson, Nairobi. Aliyewahi kusimama pale Lang'ata Road asubuhi anajua: ndege ya watalii inaenda Mara, nyingine inaenda Lodwar, helikopta, na katikati yao wanafunzi wa vyuo vya urubani wanafanya mazoezi ya kutua na kuruka, kutua na kuruka. Barabara mbili, 07/25 na 14/32. Machi 5, 2024 Dash 8 ya abiria iliyokuwa imetoka Wilson kwenda Pwani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya mbuga ya Nairobi. Mwanafunzi na mwalimu wake wakafa. Dash 8 ikarudi ikatua salama na watu wake wote.

Sitaki kuhukumu nani alikosea. Nasema tu, unapochanganya mtu aliye na saa elfu kumi za kuruka na mtoto wa chuo ambaye bado anatetemeka akibonyeza kitufe, masafa yanakuwa kama soko la Gikomba. Mwanafunzi anaongea polepole, anasahau, anaanza upya. Wakubwa wanangoja nafasi ya kupenyeza neno.

#16 Bint Makunduchi

Na lugha je? Hapa kwetu wanaongea Kiswahili na mnara?

#17 Kozi Kaskazi

Salamu utazisikia, "habari za asubuhi", "asante, safari njema". Maelekezo yenyewe ni Kiingereza, na si Kiingereza cha shule, ni sentensi zilizokatwa na kupangwa. Tangu 2008 ICAO inataka rubani na mwongoza ndege wa safari za kimataifa wawe na kiwango cha 4 kati ya 6 angalau. Mwenye 4 hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu.

Lakini kujua Kiingereza sana nako ni hatari yake. Marubani ambao Kiingereza ni lugha yao ya mama ndio wanaoongea haraka na kufupisha wanavyotaka. Nimesikia mambo New York ambayo mtahiniwa wa kiwango cha 4 angefelishwa.

Lugha mbili kwenye masafa mamoja ndiyo shida kubwa zaidi kwangu. Linate, Milano, Oktoba 8, 2001, ukungu. Mnara unaongea Kiitaliano na baadhi, Kiingereza na wengine. Ndege ndogo ya Cessna ilitakiwa kushika njia ya R5, ikashika R6 inayoingia katikati ya barabara ya kurukia. Rubani wake alitaja alama aliyoiona chini, S4, na mwongoza ndege hakuitambua alama hiyo, akaendelea kuamini yuko anakotakiwa. Rada ya ardhini ilikuwa haifanyi kazi. Ndege ya abiria MD-87 ya shirika la SAS ikaja kwa kasi ya kuruka. Walikufa 118, wanne kati yao wakiwa kazini kwenye jengo la mizigo ambalo ndege iliishia.

#18 Ngosha Mbishi

Haya, nimelainika kidogo. Dawa ni nini? Msituachie vilio tu.

#19 Kiberenge wa Angani

Msimamo wangu ni huu, na Kapteni anaruhusiwa kuupiga. Pesa za kwanza zisiende kwenye rada za kifahari. Ziende kwenye zile taa nyekundu za kwenye lami, ziwashwe usiku na mchana, mvua na jua, kwenye kila mdomo wa barabara ya kurukia. Mnara ukiruhusu, unazima kwa kitufe, mtu anapita. Hivyo ruhusa inahitaji vitu viwili vikubaliane, sikio na jicho. Kwenye gari langu nilikuwa naambiwa na kila mkufunzi, ukiona mistari ya njano, miwili imekatika na miwili imenyooka, hapo ndipo mwisho wako. Lakini mistari ikilowa mvua usiku huioni, na haibadiliki rangi mnara ukikusahau.

#20 Kozi Kaskazi

Hapa ndipo pa kukusahihisha. Taa zinazowashwa na kuzimwa na mwongoza ndege ni kitufe kingine juu ya mtu yule yule aliyezidiwa. Nimefika viwanja ambavyo anasahau kuzima, anakwambia pita tu, mimi nakataa, masafa yanajaa ubishi, nyuma yangu foleni. Na ubaya wa hilo ni kwamba ukipita taa nyekundu mara moja kwa ruhusa ya mdomo, siku ya pili nyekundu imeshapoteza nguvu. Kanuni ni kwamba haipitwi ikiwaka, basi.

Mimi napendelea za Marekani zinazoitwa taa za hali ya barabara. Ziko kwenye viwanja kama 20. Hazimsubiri mtu, rada ya ardhini inaona ndege inakuja kwa kasi na taa zinawaka zenyewe. Kwa hiyo rada unayoiita ya kifahari ndiyo macho ya taa. Rada hiyo hiyo humpigia kelele mwongoza ndege: Januari 2023, uwanja wa JFK, New York, Boeing 777 ya American ilivuka barabara isiyo yake mbele ya 737 ya Delta iliyokuwa inakimbia kuruka. Kengele ililia mnarani, mwongoza ndege akapaza sauti Delta afute kuruka, akasimama. Linganisha na skrini ya Haneda iliyokuwa bubu.

#21 Kiberenge wa Angani

Nakubali kwa JFK na Haneda. Kwa uwanja wetu wenye ndege chache na bajeti ya kubembeleza, nabaki na taa zangu za kitufe. Rada ya ardhini inataka fundi, vipuri, mkataba. Mnajua mikataba ya matengenezo inavyokwenda huku.

#22 Mtu wa Embakasi

Mkuu, na magari? Wewe ulikuwa na gari, gari nalo linaingiaje mule bila kugongwa?

#23 Kiberenge wa Angani

Kwa redio hiyo hiyo. Unafika mstarini unasimama kabisa, si kutambaa. Taa ya juu ya gari inazunguka. Unajitaja jina, ulipo, unachotaka. Ukiruhusiwa unarudia, kisha unaangalia kulia na kushoto mpaka angani, hata kama mnara umesema pako wazi. Ukiwa ndani sauti ya redio ya muziki imezimwa, madirisha chini. Ukitoka unasema umetoka, na husemi mpaka tairi la nyuma limevuka mstari.

Lima, Peru, Novemba 18, 2022: magari ya zimamoto yalikuwa kwenye zoezi la kupima wanafika kwa muda gani. Yaliingia barabarani wakati Airbus ya LATAM inakimbia kuruka. Uchunguzi ulikuta hayakuwa na ruhusa ya kuingia, mipango ya zoezi haikuunganishwa vizuri na mnara, na maneno waliyotumiana redioni hayakuwa ya kawaida ya kazi. Abiria wote walipona. Wazimamoto walikufa. Watu wa uokoaji, uwanjani kwao, mchana.

#24 Abiria 12C

Kwa hiyo ule wimbo wa "zimeni simu" nao unahusiana na hii redio au ni kutusumbua tu?

#25 Kozi Kaskazi

Unahusiana. Simu yako haiangushi ndege. Ila simu inayotafuta mtandao wa zamani wa 2G karibu na chumba chetu huwa inaingia masikioni, ule mkoromo wa tititi-tititi unaousikia spika ikiwa karibu na simu. Huwa ni sekunde moja, mbili. Ikiangukia juu ya namba ya barabara, namuomba mnara arudie, na ndege kumi nyuma yangu zinasubiri kitufe.